Unabonyeza Alt+Tab, seva haisikii: jinsi ya kupanga njia za mkato za kibodi kwenye kompyuta ya mbali

Mhasibu yuko tawini. Programu ya hesabu iko kwenye seva, makao makuu. Anataka kutoka dirisha la ankara aende dirisha la stoo, anabonyeza Alt+Tab. Badala ya stoo, inafunguka WhatsApp ya kompyuta yake mwenyewe.

Baadaye seva inamwambia nenosiri lake limekaribia kuisha muda. Anabonyeza Ctrl+Alt+Del, anachagua kubadilisha, anamaliza. Kesho yake seva inamkatalia. Kumbe alibadilisha nenosiri la kompyuta iliyo mezani kwake, la seva likabaki lilelile mpaka likafa.

Mambo haya huwapata watu wengi wanaofanya kazi kwenye seva ya mbali, na mara nyingi lawama huenda kwa mtandao. Mtandao hauhusiki. Kinachohitajika ni kupanga ni vitufe gani vibaki kwenye kompyuta ya mezani na ni vipi vivuke kwenda kwenye seva. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, na haihitaji kununua programu yoyote.

Kompyuta mbili, kibodi moja

Mtumiaji anapoingia kwenye seva ya Windows kwa Remote Desktop, anakuwa na kompyuta mbili zinazogombea kibodi moja. Akibonyeza herufi ya kawaida hakuna ugomvi, herufi inakwenda kwenye dirisha alilolifungua.

Ugomvi unaanza kwenye vitufe vya mfumo: Alt+Tab, kitufe cha Windows, Win+E, Win+R na wenzake. Hivi Windows ya mezani huvidaka kwanza, kabla programu yoyote haijavipata. Ndiyo maana menyu ya Start inayofunguka ni ya hapa, siyo ya kule.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linalosumbua zaidi. Remote Desktop haitumi picha ya herufi iliyochorwa kwenye kitufe. Inatuma namba ya nafasi ya kitufe, kisha seva ndiyo inayoamua nafasi hiyo ni herufi gani, kufuatana na mpangilio wa kibodi inaoutumia. Seva ikiamini kibodi ni ya Kimarekani wakati iliyo mezani ni ya Kifaransa, vurugu inaanza.

Mpangilio unaoamua vitufe viende wapi

Kwenye Windows, hatua ni hizi:

1. Bonyeza Win+R, andika mstsc, kisha Enter.
2. Bofya "Show Options".
3. Fungua sehemu ya "Local Resources".
4. Chini ya "Keyboard", tafuta "Apply Windows key combinations".
5. Chagua moja kati ya tatu zilizopo.
6. Rudi "General", bofya "Save As", hifadhi faili ili usirudie kila siku.

Chaguo la kwanza ni "On this computer". Hapo vitufe vyote vya mfumo vinabaki mezani. Linamfaa mtu anayetazama seva mara mojamoja huku kazi yake kubwa ikiwa kwenye kompyuta yake.

La pili ni "On the remote computer". Vitufe vinakwenda kwenye seva wakati wowote dirisha la seva ndilo linalotumika, hata kama halijajaa skrini. Linamfaa anayeshinda kwenye seva kutwa nzima.

La tatu ni "Only when using the full screen". Vitufe vinakwenda kwenye seva pale tu dirisha linapojaa skrini nzima. Hili ndilo huja limewekwa tangu mwanzo, na ndilo linalowachanganya wengi: jana Alt+Tab ilifanya kazi kwenye seva, leo imegoma, kwa sababu tu dirisha limepunguzwa.

Anayependa kuhakikisha anaweza kufungua faili hilo la .rdp kwa Notepad. Ndani kuna mstari unaoanza na keyboardhook:i: ukifuatiwa na namba. 0 ni kompyuta ya mezani, 1 ni seva, 2 ni skrini nzima tu. Kubadilisha namba hiyo ni sawa na kubadilisha chaguo kwenye dirisha.

Vitufe mbadala vya kukariri

Hata bila kugusa mpangilio wowote, Remote Desktop ina vitufe vyake mbadala. Ukivikariri hivi, nusu ya usumbufu imekwisha:

- Ctrl+Alt+End: hufanya kazi ya Ctrl+Alt+Del kwenye seva.
- Alt+Page Up: huhama kati ya madirisha ya seva, kama Alt+Tab.
- Alt+Page Down: kazi ileile, lakini kwa kurudi nyuma.
- Alt+Insert: hupitia programu kwa mpangilio zilivyofunguliwa.
- Alt+Home: hufungua menyu ya Start ya seva.
- Alt+Delete: hufungua menyu ndogo ya dirisha, ile ya kupunguza, kukuza na kufunga.
- Ctrl+Alt+Break: huingia na kutoka skrini nzima.
- Ctrl+Alt na alama ya kutoa kwenye kibodi ya namba: hupiga picha ya dirisha linalotumika.
- Ctrl+Alt na alama ya kujumlisha kwenye kibodi ya namba: hupiga picha ya skrini yote ya seva.

Kompyuta mpakato nyingi za siku hizi hazina kitufe cha Break. Baadhi ya ThinkPad hutumia Fn+B badala yake. Ikishindikana kabisa, Ctrl+Alt+Home huleta mbele ule upau wa juu wenye jina la seva, na kutoka hapo mtumiaji anapunguza dirisha kwa kipanya.

Ctrl+Alt+Del haitavuka, usipoteze muda

Watu wengi hudhani wakichagua "On the remote computer", basi hata Ctrl+Alt+Del itakwenda kwenye seva. Haitakwenda. Windows imeifungia ngazi ya chini kabisa ya mfumo kwa sababu ya usalama, ili programu yoyote isiweze kujifanya ndiyo skrini ya kuingilia na kuiba manenosiri. Remote Desktop nayo ni programu kama nyingine, kwa hiyo hairuhusiwi kuidaka.

Kwa hiyo anayetaka kubadilisha nenosiri la seva atumie Ctrl+Alt+End, kisha achague "Change a password". Kabla ya kuandika chochote, atazame jina la akaunti lililo kwenye skrini. Kama ni la kompyuta yake na siyo la seva, aghairi na aanze upya.

Kuna hali moja ngumu zaidi: umeingia seva A, kisha ndani ya seva A umefungua Remote Desktop nyingine kwenda seva B. Hapo Ctrl+Alt+End inaishia seva A. Dawa yake ni kibodi ya kwenye skrini. Ndani ya seva B, andika osk kwenye menyu ya Start na uifungue. Shikilia Ctrl na Alt kwa vidole, kisha bofya Del kwa kipanya kwenye hiyo kibodi ya skrini.

Herufi zinapogeuka: Kimarekani, Kiingereza, Kifaransa

Kibodi zinazotumika Afrika Mashariki na Kati hazifanani. Kuna za mpangilio wa Kimarekani, kuna za Kiingereza cha Uingereza, na upande wa Kongo, Burundi na Rwanda kuna pia AZERTY ya Kifaransa. Ongeza kompyuta zilizotumika zinazoletwa kutoka Ulaya, ofisi moja inaweza kuwa na kibodi za aina tatu, zote zinaingia seva moja.

Kiswahili chenyewe hakileti shida. Hakina herufi zenye alama za pekee, na Windows hukipa kibodi ya Kimarekani. Shida iko kwenye alama na kwenye njia za mkato.

Kwa kibodi ya Uingereza, @ iko pembeni karibu na Enter, na alama ya kufungua maneno iko juu ya 2. Kwenye ya Kimarekani zimebadilishana. Seva ikiamini kibodi ni ya Kimarekani, anayeandika @ anapata alama ya kufungua maneno, na anayeandika £ anapata #.

Kwa AZERTY mambo ni mazito zaidi, kwa sababu herufi zenyewe zimehama:

- Kitufe kilichoandikwa A kipo mahali pa Q. Ctrl+A ya kuchagua vyote inageuka Ctrl+Q, ambayo kwenye programu nyingi ni kufunga programu nzima.
- Kitufe kilichoandikwa Z kipo mahali pa W. Ctrl+Z ya kurudisha kosa inageuka Ctrl+W, inayofunga dirisha.
- Kitufe kilichoandikwa M kipo mahali pa nukta-mkato. Jina Musa linatoka na nukta mbili (:) mwanzoni.
- Namba za juu kwenye AZERTY zinahitaji Shift. Seva ikidhani ni Kimarekani, Shift na 1 inatoa alama ya mshangao.

Mtu aliyekosea tarakimu kwenye jedwali la mishahara, akabonyeza Ctrl+Z kurudisha, anaweza kujikuta faili limefungwa usoni pake. Hapo njia ya mkato imegeuka njia ya hasara.

Jinsi ya kulinganisha mpangilio

Kwa kawaida kompyuta ya mezani huiambia seva mpangilio wake wakati wa kuunganisha. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuhakikisha kompyuta ya mezani yenyewe inasema ukweli. Tazama kona ya chini kulia, karibu na saa. Kama kibodi ni AZERTY na pale pameandikwa ENG US, anza kurekebisha hapo. Nenda Settings, kisha "Time & language", kisha "Language & region", weka kibodi inayolingana na vitufe vilivyopo, na uondoe zisizotumika.

Fanya hivyo kabla ya kuunganisha. Ukibadilisha katikati ya kazi, usitegemee seva ijue. Toka kabisa, yaani "Sign out", kisha uingie upya. Kufunga dirisha kwa alama ya X hakutoshi, kwa sababu kikao kinabaki hai kwenye seva pamoja na mpangilio wake wa zamani.

Pia kuna mtego wa Alt+Shift na Win+Space. Vyote hubadilisha mpangilio wa kibodi, na ni rahisi kuvigusa bila kujua. Anayetumia kibodi ya aina moja tu abakishe mpangilio mmoja, hapo hakutakuwa na cha kubadilisha. Anayehitaji mipangilio miwili azime vitufe hivyo vya Alt+Shift kwenye "Advanced keyboard settings", sehemu ya "Input language hot keys".

Nenosiri sahihi linalokataliwa

Kwenye skrini ya kuingilia, nenosiri linaonekana nukta tupu. Mtumiaji haoni kwamba @ yake imegeuka. Anajaribu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaunti inafungwa. Anampigia mtu wa IT, anapewa nenosiri jipya, nalo lina @. Mchezo unaanza upya.

Kipimo ni rahisi: bofya kwenye sehemu ya jina la mtumiaji, andika pale alama zilizo kwenye nenosiri lako, moja moja, utazame zinatokeaje. Zisiandikwe kwa mpangilio wa nenosiri lenyewe, na zifutwe mara moja. Zikitoka tofauti, tatizo ni mpangilio wa kibodi. Skrini ya kuingilia ya Windows huwa na alama ya lugha pale ambapo mipangilio zaidi ya mmoja imewekwa, na hapo unaweza kuchagua unaofaa.

Kitufe kilichonasa

Wakati mwingine mtumiaji anaandika E na folda inafunguka, anaandika R na dirisha la Run linatokea. Kibodi haijalogwa. Seva inaamini kitufe cha Windows bado kimeshikiliwa.

Hutokea mtu anapohama kutoka dirisha la seva huku kidole kiko kwenye Alt, Ctrl au Windows. Seva iliona kitufe kikishuka, lakini haikuona kikipanda. Rudi kwenye dirisha la seva, bonyeza na uachie Ctrl, Alt, Shift na Windows, kimoja kimoja, vya kushoto na vya kulia. Mara nyingi hapo kila kitu kinarudi sawa, bila kuzima chochote.

Alt+F4 kwa msimamizi: hapa pana moto

Kwa mtumiaji wa kawaida, Alt+F4 hufunga programu. Lakini ikibonyezwa pale ambapo hakuna dirisha linalotumika, Windows huleta dirisha la kuzima kompyuta. Aliyeingia kama msimamizi anaweza kuizima seva yote akidhani anazima kompyuta yake.

Na seva ikizimwa, haiwashwi kwa Remote Desktop. Lazima mtu aende ilipo, au awe na njia nyingine ya kuifikia. Kama seva iko Dar es Salaam na msimamizi yuko Kigoma, watu wote wa matawini watakaa wakisubiri.

Kinga yake ni kwenye Group Policy. Kuna sera inayoondoa amri za kuzima na kuwasha upya, iko kwenye "Start Menu and Taskbar". Nyingine inaitwa "Turn off Windows Key hotkeys", iko chini ya "File Explorer", na huzima njia za mkato za kitufe cha Windows kwa watumiaji waliochaguliwa. Zote ziko upande wa "User Configuration", ndani ya "Administrative Templates".

Wanaoingia kwa kivinjari

Ofisi nyingine hazitumii mstsc. Mtumiaji anafungua kivinjari, anaandika anwani, na seva inatokea ndani ya ukurasa. Hapa kuna mgombea wa tatu wa kibodi: kivinjari chenyewe.

Ctrl+W hufunga kichupo, Ctrl+T hufungua kipya, Ctrl+N hufungua dirisha. Kivinjari hakiruhusu ukurasa wa kawaida kuvichukua vitufe hivi. Nafuu ipo kwenye skrini nzima: Chrome na Edge huweza kuukabidhi ukurasa vitufe vya mfumo pale ukurasa wenyewe unapoomba na skrini imejazwa. Hapo, ili kutoka, kitufe cha Esc hushikiliwa kwa muda badala ya kuguswa tu.

Kwa seva inayopitia Apache Guacamole, Ctrl+Alt+Shift hufungua menyu ya pembeni. Ndani yake kuna ubao wa kunakili na chaguo la kibodi ya kwenye skrini, ambayo ndiyo njia ya uhakika ya kutuma Ctrl+Alt+Del.

Wenye Mac na Linux

Kwenye Mac, programu ya Microsoft inaitwa Windows App, zamani ikiitwa Microsoft Remote Desktop. Kitufe cha Command hufanya kazi ya kitufe cha Windows, na Option hufanya kazi ya Alt. Njia za kunakili na kubandika, Command+C na Command+V, hutafsiriwa zenyewe kuwa Ctrl+C na Ctrl+V, kwa hiyo mtumiaji halazimiki kubadilisha mazoea.

Kwenye Linux, wengi hutumia Remmina. Kuna alama kwenye upau wake ya kudaka kibodi yote. Ikiwashwa, Alt+Tab inakwenda kwenye seva. Ctrl ya kulia ndiyo kitufe cha kuamuru Remmina yenyewe: Ctrl ya kulia pamoja na F huingia au kutoka skrini nzima.

Wanaotumia FreeRDP kwa amri wanaweza kuutaja mpangilio moja kwa moja. Toleo la 2 huandika /kbd:0x0000040C kwa kibodi ya Kifaransa, na toleo la 3 huandika /kbd:layout:0x0000040C. Kimarekani ni 0x00000409, cha Uingereza ni 0x00000809.

Seva za Linux kwa SSH

Kwa wanaoingia seva ya Linux kwa maandishi matupu, vitufe vina maana zao, na baadhi hutisha mara ya kwanza.

Ctrl+S ndiyo maarufu. Mtu aliyezoea kusevu kwa Ctrl+S anaibonyeza kwenye terminali, skrini inaganda. Anadhani mtandao umekatika, anafunga dirisha, kazi inapotea. Kumbe Ctrl+S inasimamisha tu maandishi yasitoke, Ctrl+Q huyaachia. Anayetaka kuizima kabisa aongeze mstari huu kwenye faili la ~/.bashrc:

stty -ixon

Ctrl+Z nayo hairudishi kosa. Inaisimamisha programu inayotembea na kuiweka pembeni. Kuirudisha, andika fg na Enter. Ctrl+C inaikatisha programu, wala hainakili. Kunakili kwenye terminali nyingi za Linux ni Ctrl+Shift+C, na kubandika ni Ctrl+Shift+V. Kwenye PuTTY, kuchagua maandishi kwa kipanya tayari ni kunakili, na kubofya kulia ni kubandika. Angalia usibandike amri usiyoisoma.

Backspace ikiandika ^H badala ya kufuta, fungua mipangilio ya PuTTY, nenda Terminal, kisha Keyboard, na ubadilishe "The Backspace key" kutoka Control-H kwenda Control-? au kinyume chake. Home na End zikigoma, sehemu hiyohiyo ina chaguo lake.

Anayetaka Ctrl na mshale viruke neno zima, afungue faili la ~/.inputrc kwenye seva na kuandika:

"\e[1;5D": backward-word
"\e[1;5C": forward-word

Kisha aandike bind -f ~/.inputrc, ajaribu. Kama terminali yake inatuma alama nyingine, aandike cat -v, Enter, kisha abonyeze kitufe husika. Kinachotokea skrini ndicho kitufe kinachotuma, ^[ mwanzoni huandikwa \e ndani ya faili. Ctrl+C inamtoa.

Kikao cha SSH kikiganda kweli kwa sababu mtandao umekata, usifunge dirisha kwa hasira. Bonyeza Enter, kisha ~ na nukta. Kikao kinakatika kwa usafi na unabaki kwenye terminali yako. Na kwa wenye intaneti ya kukatikakatika, tmux ni mkombozi: kazi inaendelea kwenye seva hata laini ikikata, na tmux attach inairudisha. Amri zake zote huanza na Ctrl+B. Kama kuna tmux ndani ya tmux, Ctrl+B mara mbili huifikia ya ndani.

Kitufe kilichokufa au kisichofaa

Kwa kompyuta ya zamani ambayo kitufe kimoja kimekufa, kazi hiyo inaweza kuhamishiwa kitufe kingine. Programu ya bure ya SharpKeys huandika mabadiliko kwenye rejista ya Windows; baada ya kuwasha upya, kitufe kipya kinafanya kazi kila mahali, pamoja na ndani ya Remote Desktop. Badiliko hufanyika kwenye kompyuta ya mezani, kabla kitufe hakijatumwa, kwa hiyo seva haiguswi.

PowerToys ya Microsoft nayo ina Keyboard Manager, rahisi zaidi kutumia. Kasoro yake ni kwamba lazima iwe inatembea, na haifanyi kazi kwenye skrini ya kuingilia Windows. Kama kitufe kilichokufa kipo kwenye nenosiri la kompyuta hiyo, SharpKeys ndiyo inayofaa.

Kwa anayesimamia seva

Kuelekeza watumiaji 30 mmoja mmoja kwa simu ni adhabu. Tengeneza faili moja la .rdp lenye keyboardhook iliyokubaliwa, wagawie wote, wafute la zamani.

Kama ofisi nzima ina kibodi za aina moja na seva bado inachanganya mipangilio, seva inaweza kuamriwa isisikilize mpangilio wa kompyuta zinazoingia. Kwenye seva, fungua regedit, nenda:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Keyboard Layout

Tengeneza DWORD yenye jina IgnoreRemoteKeyboardLayout, uipe thamani 1. Hifadhi nakala ya sehemu hiyo kwanza kwa "Export", na uwashe seva upya baada ya saa za kazi. Kuanzia hapo kila anayeingia anatumia mpangilio uliowekwa kwenye seva.

Lakini kama kuna tawi moja lenye AZERTY, usiiguse. Utaponya watu 25 na kuwaumiza watano, na hao watano ndio watakaopoteza nenosiri.

Jaribio kabla ya kuanza kazi

Baada ya mabadiliko yoyote, fungua Notepad kwenye seva, faili tupu lisilo na kitu cha kupotea, na ujaribu haya:

1. Andika q a z w m na namba zote za juu. Zinalingana na vitufe?
2. Andika @, #, alama ya kufungua maneno na mstari wa kulala. Zinatoka sawa?
3. Andika neno, kisha Ctrl+A, Ctrl+C, Ctrl+V, Ctrl+Z. Kila moja imefanya kazi yake?
4. Fungua dirisha la pili kwenye seva, bonyeza Alt+Tab. Umehama kule, au hapa?
5. Bonyeza Ctrl+Alt+End, kisha "Change a password". Jina la akaunti unaloliona ni la seva?

Yote matano yakipita, fungua jedwali la mishahara bila hofu. Likishindwa hata moja, litatue kabla ya kugusa faili la kazi.